Alama 22 kati ya 30: kipimo kifupi cha kumbukumbu humaanisha nini

Daktari anamtajia bibi maneno matatu, tuseme ndizi, mlango, shati. Anamuuliza leo ni siku gani na hapa walipo ni wapi. Anamwambia atoe saba kwenye mia, atoe saba tena, na tena, halafu anarudi kulekule: "Bibi, yale maneno niliyokutajia ni yapi?" Baada ya dakika kumi hivi, yote yamekuwa namba moja, tuseme 22 kati ya 30. Hicho ndicho kipimo kifupi cha kuchuja demenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ambao majumbani mwetu tunaumaliza kwa kusema "ni uzee tu".

Neno la kushika hapo ni kuchuja. Kipimo hakisemi bibi anaumwa. Kinasema achunguzwe zaidi au asisumbuliwe. Ndiyo maana sifa zake hupimwa kwa maswali mawili: katika wagonjwa, kinawanasa wangapi? Katika wazima, kinawaacha wangapi waende zao? Ni kama chujio la chai. Matundu yakiwa mapana, majani yanapita. Yakibana mno, chai haishuki.

Chukua MMSE, kipimo kimojawapo cha aina hiyo, kilichotungwa na mtafiti Folstein na wenzake mwaka 1975. Mpaka wake uliozoeleka ni 24 kati ya 30, na anayepata chini ya hapo hutiliwa shaka. Kipimo kingine, MoCA, kilitoka Kanada mwaka 2005, nacho kina alama 30 lakini mpaka wake ni 26. Katika utafiti ulioitambulisha, kwa watu ambao akili ndiyo kwanza imeanza kulegea, MoCA iliwanasa asilimia 90 na MMSE, nayo ikiwekewa mpaka wa 26, asilimia 18 tu. Ila MoCA iliwatilia shaka wazima 13 katika kila 100, na MMSE haikumgusa hata mmoja. Ukitaka kuuwahi ugonjwa mapema, utawatisha na wasio nao.

Hofu hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti ulikadiria kuwa demenshia inawapata asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi. Tuseme tumewapima wazee 1,000 wa namna hiyo kwa kipimo kinachonasa wagonjwa 85 kati ya 100 na kuwaacha wazima 85 kati ya 100. Wagonjwa ni 64, tutawapata 54. Wazima ni 936, na 140 kati yao wataambiwa kuna tatizo. Watakaoitwa ni 194, na wenye ugonjwa kweli ni kama robo yao tu. Kipimo hichohicho kwenye kliniki ya kumbukumbu, ambako nusu ya wanaofika wanaumwa, kingepatia kwa 85 kati ya kila 100 kinaowatilia shaka. Kwa hiyo ukisikia kipimo kinasifiwa, uliza kwanza kilijaribiwa kwa akina nani.

Na shule je? MMSE inataka uandike sentensi na kunakili mchoro. Mama aliyeuza ndizi sokoni miaka 40, chenji yake haijawahi kupotea, lakini hakuwahi kushika kalamu, ataanguka hapo kabla ugonjwa haujatajwa. MoCA humwongezea alama moja aliyesoma miaka 12 au pungufu. Moja! Kwa asiyesoma kabisa, hiyo ni pole, si haki.

Watafiti waliofanya kazi Hai walipita njia nyingine, wakatengeneza kipimo cha IDEA kisichodai kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa daraja ni nini, kiongozi wa kijiji anaitwa nani, ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Badala ya kuchora, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa.

Hata hivyo masikio mazito, sonona, dawa fulani au tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu vinaweza kushusha alama. Na mwalimu mstaafu anaweza kupata 29 huku nyumbani anapotea njia ya msikitini. Ndiyo maana daktari makini humgeukia binti aliyemleta: bado anapika mwenyewe? Pesa anazihesabu? Baada ya miezi kadhaa kipimo hurudiwa, na maneno hubadilishwa, maana wapo wanaokwenda nyumbani wakayakariri.