Mota na betri tu? Maneno ya gereji kuhusu vyombo vya umeme

Kwenye gereji moja ya Maweni, hapa Malindi, injini ya tuktuk ilikuwa imefunguliwa na kumwagwa juu ya gunia: pistoni na ringi zake tatu, valvu, kamshafti, krenki, cheni ya taimingi, sahani za klachi. Fundi alikuwa akizisafisha moja moja kwa petroli kwenye beseni, na mwenye tuktuk amechuchumaa pembeni akipiga hesabu ya hasara. Mara akasimama kijana wa boda na pikipiki yake ya umeme. Hatukumsikia akija. "Mjomba," akamwambia fundi, "sisi tumepumzika na hayo. Yetu ni mota na betri, hata mtoto wa madrasa anaiunda."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, ila maneno hayo yana ukweli nusu.

"Vipande ni vichache, basi kuunda ni rahisi"

Kwamba ni vichache, sawa. Mwaka 2017 benki ya UBS ilifungua gari la umeme la Chevrolet Bolt, ikahesabu sehemu zinazojongea 24 kwenye mfumo wa kuliendesha. Volkswagen Golf ya petroli ilikuwa na 149. Hakuna klachi, hakuna ekzosi, na gea ni moja.

Lakini hapo kimehesabiwa kinachojongea tu, na betri haijongei. Betri ya Tesla Model S ya kilowati-saa 85 ilikuwa na seli 7,104, kila moja upana milimita 18 na urefu milimita 65, yaani imeizidi kidogo ile betri ya rimoti. Zote lazima ziungwe, zipozwe, na zichungwe zisipishane chaji.

Na seli yenyewe ina safari ndefu. Unga wa madini hukorogwa ukawa uji mzito, ukapakwa juu ya karatasi ya shaba na karatasi ya alumini, nyembamba kuliko unywele. Hukaushwa, hugandamizwa kwa rola, hukatwa, kisha mara nyingi huviringwa kama mkeka baada ya shughuli, katikati pakiwa na utando wa kuzitenga karatasi hizo mbili zisigusane. Halafu humiminwa maji ya kemikali. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyolowa yenyewe kwenye kikebe. Sasa chumvi ya lithiamu iliyomo kwenye maji yale ikikutana na unyevu hutoa asidi kali, ndiyo maana chumba cha kazi hiyo hukaushwa hewa mpaka unyevu ukawa chini ya asilimia 1. Hata hapo bado: seli huchajiwa mara ya kwanza taratibu, hulazwa siku kadhaa au wiki, na zile zinazovuja chaji hutupwa. Pistoni ikitoka kwenye mashine ikapimwa, imekwisha.

"Viwanda vya umeme havihitaji watu"

Hili wanalisema hata wakubwa. Mwaka 2022 Jim Farley, bosi wa Ford, alisema gari la umeme linataka nguvukazi pungufu kwa asilimia 40. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walihesabu saa za kazi za injini na mfumo wake, kisha za mota, betri na seli zake, wakakuta upande wa umeme ndio unaokula saa nyingi zaidi. Ukianzia kuhesabu pale betri inapofika kiwandani ikiwa tayari, Farley hajakosea. Ukianzia kwenye ule uji, kazi ipo tele, ila imehamia kwa mtu mwingine, na huyo mara nyingi yuko China, inakotoka sehemu kubwa ya betri za dunia. Mgomo wa wafanyakazi wa magari Marekani mwaka 2023 ulikuwa na jambo hili ndani yake: walitaka viwanda vya betri viingie kwenye mkataba wao, na General Motors ikakubali.

"Mota ni ileile ya feni"

Kimsingi ndiyo. Ila ya gari inaweza kuzunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika, wakati injini nyingi za petroli hukomea kwenye 6,000 au 7,000. Feni haikaribii huko.

"Mafundi watakufa njaa"

Breki, shokabu, matairi na beringi za magurudumu haziulizi chombo kinatumia nini, na mchanga wa huku kwetu haubagui. Ninachokiona kigumu ni kwamba injini hufunguka kwa spana, ilhali kontrola nyingi, yaani visanduku vinavyoongoza umeme wa mota, humiminwa gundi nyeusi ndani, ikiharibika unanunua nyingine. Na betri ya gari, yenye volti 400 hivi au zaidi, si ya kufunguliwa na mtu aliyejifunza kwa kutazama.

Siku mbili baadaye yule kijana alirudi akisukuma pikipiki. Fundi aliinua kiti, akachomoa plagi ya nyaya za mota: vichwa vya shaba vimeota kutu ya kijani, kazi ya hewa ya bahari. Akavisugua kwa mswaki mkuukuu, akapaka grisi kidogo, akarudisha. Pikipiki ikawaka. Alimtoza shilingi mia mbili, kijana akalipa bila kubishana.

Injini ya tuktuk ilikuwa bado juu ya gunia, inasubiri ringi kutoka Mombasa.