Kupandikiza Nywele: Yanayosemwa Barazani na Yaliyo Kweli

Vijana wengi wa Unguja na Pemba wenye panja huuliza bei za kupandikiza nywele Istanbul, Uturuki, kabla hawajauliza kwa nini nywele zinawatoka. Matatizo mengi huanzia hapo.

"Ukipandikiziwa unapata nywele mpya."

Hupati hata unywele mmoja mpya. Daktari huchukua nywele za kisogoni na kuzihamishia kwenye kipaji au utosini. Upara wa kurithi hutokana na homoni iitwayo DHT, ambayo hudhoofisha vinyweleo vya mbele na vya utosini. Vya kisogoni huistahimili, na hata vikihamishwa hubaki hivyo hivyo. Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa New York, ndiye aliyelionesha hilo katika miaka ya 1950. Kwa hiyo kisogo ni akiba, na akiba hiyo haijazwi tena. Kwa watu wengi, vipandikizi (vishada vidogo vya nywele pamoja na mizizi yake) vinavyoweza kuchukuliwa salama maisha mazima ni kama 4,000 hadi 6,000. Kijana wa miaka 22 akivimaliza vyote kushushia nywele za kipaji, upara nao ukaendelea, atabaki na ukanda mbele na utosi mtupu nyuma yake, na hana tena pa kuchukua. Anayemwambia asubiri na aanze na dawa anamtakia mema.

Uliza pia wanahesabu nini. Kipandikizi kimoja hubeba unywele mmoja hadi nywele nne, kwa hiyo "nywele 4,000" za kwenye tangazo zinaweza kuwa vipandikizi 2,000 tu.

"Nywele zikitoka, dawa ni kupandikiza."

Inategemea zinatokaje. Mama aliyejifungua hupukutisha nywele miezi michache baadaye, na kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya mwaka. Upungufu wa madini ya chuma, maradhi ya tezi ya shingo na mapunye yana matibabu yake. Nywele za pembeni zinazokatika kwa kusukwa kwa kukaza, au kwa kubanwa kila siku chini ya mtandio, huota tena ukilegeza mapema. Ukiacha miaka ikapita, vinyweleo hufa.

La kuogopwa zaidi ni upara wa makovu unaoanzia utosini na kutanuka, ambao huwapata sana wanawake wenye asili ya Kiafrika. Utosi huweza kuwasha au kuuma, kisha ngozi inang'aa na vitundu vya nywele havionekani. Ukipandikiza ugonjwa ungali hai, nywele nzuri za kisogo zinakwenda bure. Daktari wa ngozi hukata kipande kidogo cha ngozi, kama 4 mm, kikapimwe maabara. Ukiwa na dalili hizo, usikubali kupandikizwa bila jibu hilo.

"Daktari aliyezoea nywele zozote ataziweza na za kipilipili."

Unywele wa kipilipili umejipinda juu, na mzizi wake chini ya ngozi nao umejipinda. Kisu cha mviringo cha kutolea kipandikizi, chenye kipenyo cha karibu 1 mm, kikishuka wima huukata mzizi katikati, na kipandikizi hicho kimekufa kabla hakijapandwa. Mwambie daktari atoe kwanza vichache vya majaribio na avitazame kwa kioo cha kukuzia: kilicho kizima kina mzizi kamili mpaka chini, kilichokatwa kina ncha butu. Vikikatika vingi, asimame abadilishe kisu au njia. Faida ipo pia, kwani kipilipili hufunika ngozi vizuri hata kwa vipandikizi vichache.

Kama una kovu lililovimba ulipotobolewa sikio, au vinundu vigumu kisogoni vinavyochokozwa na wembe wa kinyozi, usifiche. Huenda upasuaji huu usikufae kabisa.

"Nywele za ndugu yangu zitanifaa, au nipake mafuta."

Nywele za ndugu, kwa kawaida mwili wako utazikataa. Mafuta ya nazi na ya habbasoda nayo hulainisha nywele, lakini hayafufui kinyweleo kilichokufa.

"Wiki mbili umeshapona, unang'ara."

Ngozi hupona, nywele bado. Kati ya wiki ya 2 na ya 8, nyingi ya zilizopandwa humwagika huku mzizi ukibaki. Huanza kuota mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo hujulikana baada ya miezi 12 au zaidi.

Siku 10 za mwanzo ndizo za hatari. Lala kichwa kikiwa juu, kwani uvimbe wa kipaji unaweza kushuka mpaka machoni. Usibandue magaga. Ukisujudu, nywele zilizopandwa mbele zinasuguliwa na msala. Mgonjwa ana ruhusa ya kusali kwa kuashiria, kwa hiyo zungumza na sheikh wako mapema kuhusu sijda na kupaka maji kichwani wakati wa kutawadha. Kofia ya kiua inayobana na helmeti ya bodaboda ziweke kando mpaka daktari akuruhusu. Baharini, ngoja mwezi mzima.

"Baada ya hapo dawa basi."

Zilizohamishwa hubaki, lakini za zamani zinazozizunguka huendelea kutoka. Ndiyo sababu dawa za kupunguza kutoka kwa nywele, yaani minoksidili ya kupaka, na finasteridi 1 mg kwa siku kwa wanaume, huendelea. Finasteridi huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi yao, na mwanamke anayeweza kushika mimba asiitumie.

Kabla hujalipa, uliza nani hasa atatoboa: daktari au msaidizi wake? Omba karatasi yenye majina ya dawa na ganzi uliyopewa. Ukirudi ukaona usaha, homa, au ngozi inageuka nyeusi, nenda na karatasi hiyo siku hiyo hiyo hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au ya Abdulla Mzee kama uko Mkoani, Pemba.