Ulikuwa dereva wa lori jeshini Marekani? Uvumi na ukweli kuhusu CDL

Vijana wetu walioingia jeshi la Marekani na kupangiwa udereva wa malori, wakikaribia kutoka huanza kusikia habari za CDL, leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara. Mengi wanayoambiwa ni ya kweli nusu.

“Ukionyesha vyeti vya jeshi unapewa leseni.”
Kinachosamehewa ni mtihani, leseni unaiomba kama wengine. Tangu 2011 kanuni za shirikisho zinaruhusu jimbo kumwondolea mwanajeshi mtihani wa kuendesha, mradi ameendesha gari la daraja analoliombea kwa angalau miaka 2 na rekodi yake ni safi. Leseni ikiwa imesimamishwa katika kipindi hicho, msamaha huo huupati. Uchunguzi wa afya uko palepale.

“Gari lolote la jeshi linahesabika.”
Humvee, lile gari dogo la jeshi, haikusaidii hata ukiwa umeizungusha jangwa zima. CDL ya lori huanzia uzito wa pauni 26,001, karibu kilo 11,800. Anayetaka daraja A lazima awe amevuta trela inayozidi pauni 10,000. Aliyezoea lori lisilo na trela ataishia daraja B. Tena malori mengi ya jeshi ni otomatiki, na leseni hutoka na kizuizi: gia za mkono usiguse.

“Nitaomba nikishatulia.”
Hapa ndipo watu wanapoumia. Una mwaka 1 tu tangu uache kazi hiyo ya udereva jeshini, na hadi 2016 zilikuwa siku 90. Mwaka huo huliwa upesi na kuhama, kutafuta nyumba na kupumzika. Ukipita, unarudi foleni moja na raia asiyewahi kushika usukani wa lori: mafunzo ya lazima yaliyoanza Februari 2022, ambayo ada yake mara nyingi ni maelfu ya dola, kisha mtihani. Aliyeomba kabla mwaka haujaisha anaepuka vyote viwili. Kwa maoni yangu, fomu ya kuomba msamaha huo ijazwe ungali kambini, maana mkuu anayekujua ndiye atakayethibitisha kazi yako bila kusumbuana.

“Mtihani wa maandishi haukwepeki.”
Tangu 2018 unakwepeka kwa waliosomea kazi hiyo, kama madereva wa malori wenye namba ya kazi 88M katika jeshi la nchi kavu au 3531 katika Marines. Ila jimbo halilazimiki kuutoa msamaha huu, kwa hiyo uliza ofisi ya leseni kabla hujafurahi.

“Lazima urudi jimbo la nyumbani.”
Sheria ya 2012 iliruhusu jimbo ulikopangiwa kambi likupe CDL.

“Ukiwa nayo unabeba chochote, popote.”
Shehena za hatari zinahitaji alama za vidole na uchunguzi wa usalama wa TSA, idara ya Marekani ya usalama wa usafiri. Na kwa kanuni ya kawaida, aliye chini ya miaka 21 havuki mpaka wa jimbo na lori la biashara, hata kama jeshi lilishamkabidhi kubwa kuliko hilo.