Kuhama chuo Marekani na zile W: mambo watu wanayoambiana na ukweli wake

Kila msimu wa kuaplai kuhama chuo ukifika maswali ni yaleyale, na kila mara kuna mtu anamjibu mwenzake kwa kujiamini kabisa, "hiyo kozi uliyojitoa usiiandike bana, nani atajua?" Jamani. Kinachoniuma ni kwamba kitu chenyewe kinachofichwa mara nyingi hakikuwa na uzito wa kumnyima mtu nafasi, ila ule ufichaji ndo unaokuja kumnyima.

Kwanza tuelewane W ni kitu gani. Semista ikianza kuna siku za kuongeza na kudropu kozi, ukitoka ndani ya siku hizo kozi inafutika, kwa kawaida haitokei popote. Ukitoka baada ya hapo lakini kabla ya dedlaini ya kujitoa, unawekewa W (withdrawal, yaani ulijitoa). Kwenye transkripti ni mstari mmoja tu: msimbo wa kozi, jina lake, krediti ulizojaribu tuseme 4.00, ulizopata 0.00, halafu W. Basi.

Sasa watu wanasema W inashusha GPA. Haishushi, W haina pointi na haiingii kwenye hesabu. Nadhani mkanganyiko unatoka kwenye WF, ambayo baadhi ya vyuo vinaiweka ukitoka wakati tayari unafeli au umechelewa sana, na hiyo vyuo vingi vinaihesabu sawa na F. Kwa hiyo soma herufi zako vizuri kabla hujaanza kulia. Vyuo vya jamii (community college, vile vya miaka miwili) vya California navyo vina EW, ya mtu aliyejitoa kwa sababu iliyo nje ya uwezo wake kama ugonjwa, hiyo hata kwenye kikomo cha kurudia kozi haihesabiwi. Pale W inapouma kweli ni kwenye msaada wa fedha wa serikali ya shirikisho, maana krediti zake zinahesabika kama ulizojaribu ukashindwa kumaliza, na vyuo vingi vinataka uwe umemaliza angalau asilimia 67 ya ulizojaribu.

Eti W moja inatosha kukukatalia. Hapana. Moja au mbili katikati ya gredi nzuri, msomaji wa fomu anazipita. Kinachomfanya asimame ni W kila semista, au tatu kwenye kozi ileile, au zote za hesabu wakati unaomba uhandisi. Na ukiniuliza mimi, W ya Calculus II iliyofuatiwa na B+ semista inayofuata inakusemea vizuri kuliko unavyofikiri.

Eti kama sikupata gredi basi sikuisoma, kwa hiyo nikiiacha sidanganyi. Hii ndo hatari kuliko zote maana inamfanya mtu mwaminifu kabisa ajikute amejaza uongo. Fomu haikuulizi wewe unaona nini kina maana, inauliza rekodi yako yote, wanaoamua kipi kina uzito ni wao. University of California (UC), yenye kampasi 9 za shahada ya kwanza, inataka kila kozi ya kila chuo, pamoja na W, D, F na zile ulizorudia. Cal State Apply, fomu ya vyuo vya California State University, hivyohivyo. Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, inakutaka utaje vyuo vyote ulivyopita, na mwishoni unaweka saini kwamba kila ulichojaza ni kweli.

Kinachowaponza watu wa UC ni kwamba mwanzoni hawaombi transkripti, unajaza kozi mwenyewe Oktoba na Novemba, majibu yanatoka hadi mwisho wa Aprili, unafurahi, unathibitisha kwamba utajiunga, unaviandikia vyuo vingine kwamba huendi, halafu transkripti rasmi zinatakiwa kufika kufikia Julai 1 na hapo ndo mtu anakaa kulinganisha ulichojaza na kilichoandikwa. Visipoendana nafasi inaweza kufutwa. Julai hiyo! Vyuo vingine umeshaviaga na chuo chako cha zamani hujajiandikisha.

Eti chuo changu cha kwanza nisikitaje, nilikaa semista moja tu na sitaki krediti zake. Hapa naomba mtu asome taratibu. Kuna shirika linaitwa National Student Clearinghouse, lipo tangu 1993, na karibu vyuo vyote vya Marekani vinalipelekea taarifa za nani amejiandikisha wapi na lini, kwa sababu wanaofuatilia mikopo ya wanafunzi wanazihitaji. Chuo unachohamia kinaweza kuuliza huko na jina la chuo ulichokiacha likatokea na tarehe zake. Wengine wanategemea sheria ya faragha ya 1974, ile FERPA, wakidhani bila ruhusa yao rekodi haitoki, lakini sheria hiyohiyo inaruhusu chuo kupeleka rekodi zako kwenye chuo unachoomba kujiunga bila kukuomba ruhusa. Kutokutaka krediti hakufuti kwamba ulikuwepo.

Na si wote wanaoacha kukitaja chuo kwa nia mbaya. Wapo waliosahau kozi za chuo walizosoma wakiwa bado sekondari, zile zina transkripti ya chuo ya kudumu. Wapo waliochukua kozi moja ya mtandaoni wakati wa kiangazi. Na wapo wanaokwepa kwa sababu wanadaiwa ada huko na wanajua transkripti imezuiwa, hao nawaelewa kabisa, lakini kabla hujaamua kudanganya ulizia kwanza, maana California kwa mfano imekataza vyuo kuzuia transkripti kwa ajili ya deni tangu Januari 2020.

Usiseme nikishaingia yameisha. Kuna kijana alihamia Harvard 2007 akidai anatoka MIT, kumbe alikuwa anasoma chuo cha Bowdoin na makaratasi kayaghushi. Alikuja kugundulika 2009 alipoomba skolashipu kubwa na mtu akaangalia faili lake upya, 2010 akakiri makosa mahakamani na kupewa miaka 10 chini ya uangalizi. Kesi yake ni kubwa mno kuliko W mbili, najua, ila faili linaweza kufunguliwa tena ukiomba skolashipu au ukiomba kuendelea na masomo ya juu.

Wa Texas mjue hili pia, vyuo vya umma huko kwa walioanza kuanzia msimu wa vuli wa 2007 haviruhusu kudropu kozi zaidi ya 6 katika shahada nzima ya kwanza, na zile ulizodropu chuo kingine cha umma cha Texas zinakufuata.

Eti nikiandika W, viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, inaguswa. Kuandika hakugusi kitu. Kinachogusa ni kushuka chini ya krediti 12 kwenye semista bila afisa wa wanafunzi wa kigeni kuidhinisha kabla hujadropu. Kabla, sio baada. Kama hilo limeshatokea nenda kwake kabla ya kuaplai, maana rekodi yako ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ndo itakayohamishwa na yeye anaiona yote.

Eti W lazima itungiwe insha ya machozi. Sentensi mbili kwenye sehemu ya maelezo ya ziada zinatosha: "Nilijitoa Calculus II kwa sababu nilikuwa nafanya kazi usiku na sikuweza kuhudhuria. Nilipunguza zamu, nikairudia semista iliyofuata na nikapata B+." Usitunge ugonjwa. Kama ulijitoa kwa sababu ilikuwa ngumu, sema ilikuwa ngumu na ulifanya nini baada ya hapo.

Eti nikishakubaliwa naweza kudropu. Barua ya kukubaliwa ina masharti, na moja ni kumaliza kozi ulizosema unazichukua. Ukihitaji kudropu waandikie kwanza.

Na kama umeshatuma fomu ukiwa umeacha kitu, hujachelewa, ila usikae ukisubiri waone wenyewe. UC ina fomu ya kusasisha taarifa za masomo yenye dedlaini Januari 31, rekebisha humo. Imepita? Andikia ofisi ya udahili ya kila kampasi uliyoomba, barua pepe fupi: jina lako kamili, namba ya maombi, chuo au kozi uliyoiacha, semista yake, gredi au W iliyopo, na kwamba transkripti umeshaiagiza. Iagize kabla hujabonyeza kutuma.