Vipimo mbadala vya athari za machapisho ya kitaaluma

Vipimo mbadala, ambavyo baadhi ya watafiti huviita altimetriki, ni takwimu zinazoonyesha jinsi chapisho la kitaaluma linavyopokewa mtandaoni: limepakuliwa mara ngapi, wangapi wamelihifadhi katika Mendeley, programu ya kutunza marejeo, na limetajwa wapi katika magazeti, blogu, Wikipedia, mitandao ya kijamii au nyaraka za sera. Jina hilo lilitolewa mwaka 2010 na mtafiti Jason Priem, ambaye mwaka huohuo alishirikiana na wenzake watatu kuandika ilani iliyotetea vipimo hivyo.

Kabla ya hapo, athari ya makala ilipimwa hasa kwa idadi ya makala nyingine zilizoinukuu. Njia hiyo ni ya polepole, kwa kuwa anayenukuu hana budi kusoma, kufanya utafiti wake, kuandika, kisha kusubiri uamuzi wa jarida. Tena haiwahesabu wasomaji wasioandika makala: muuguzi aliyebadili namna ya kusafisha kidonda baada ya kusoma matokeo ya utafiti, au ofisa aliyeyatumia kuandaa mwongozo wa wizara, haonekani popote katika hesabu ya manukuu.

Kampuni ya Altmetric, iliyoanzishwa London mwaka 2011, hufuatilia mitajo ya aina hiyo, kwa sehemu kubwa kupitia DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha chapisho mtandaoni, na kuijumlisha kuwa alama moja iliyozungukwa na duara la rangi, kila rangi ikiwakilisha aina ya chanzo. Habari ya gazetini hupewa uzito mkubwa kuliko ujumbe wa mtandao wa kijamii. Makala isiyo na DOI ni rahisi kupotea katika hesabu hii, na vyanzo vinavyofuatiliwa vimeelemea mno upande wa Kiingereza.

Alama hiyo, hata hivyo, hupima gumzo, na gumzo lina sababu nyingi. Mwezi Mei 2020 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala kuhusu matumizi ya dawa ya malaria ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa COVID-19. Ilizungumziwa duniani kote, na mapema Juni ikaondolewa baada ya watatu kati ya waandishi wake wanne kushindwa kuthibitisha data iliyotumika. Anayeisifu makala na anayeikosoa huongeza alama ileile. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, namba yenyewe ndiyo sehemu yenye manufaa madogo kuliko zote. Faida imo katika orodha ya mitajo iliyo nyuma yake. Mhadhiri anayeomba kupandishwa cheo hujieleza vizuri zaidi akionyesha mwongozo wa tiba ulioitaja makala yake, pamoja na ukurasa inapotajwa, kuliko akiandika kwamba alama yake imefika mia mbili.