Je, wajua kwa nini Entebbe–Nairobi ni lisaa na robo wakati hesabu inasema dakika 37?

Toka uwanja wa Entebbe hadi Jomo Kenyatta pale Nairobi ni kama kilomita 520 kwa mstari ulionyooka. Ndege za CRJ900 za Uganda Airlines, zilizoanza ruti hii Agosti 2019, zikishatulia angani zinakimbia karibu kilomita 850 kwa saa. Ukigawanya unapata dakika 37. Sasa angalia tiketi, imeandikwa lisaa limoja na dakika 10, au hata na robo.

Hapo ndio maneno yanaanza, eti ndege inazunguka, eti rubani anaenda polepole kuokoa mafuta, na wengine wanachukua zile kilomita 650 hivi za basi la Busia wakidhani ndege nayo inafuata barabara. Ndege haizunguki kiasi hicho jamani. Kosa ni kuichukua ile 850 kama spidi ya safari nzima, wakati ni spidi ya kule juu tu, kwenye futi elfu thelathini na kitu, na kwenye ruti fupi hivi ndege inakaa huko muda mdogo mno.

Chukua taksi ya Kampala–Jinja, kilomita 80. Dereva anafika 80 kwa saa vizuri kabisa, lakini hakuna anayetegemea kufika kwa lisaa, kwa sababu ile 80 anaipata kwenye msitu wa Mabira, kabla ya hapo kuna jamu ya Banda, Kireka, Mukono, na mbele ukikaribia Jinja anaanza tena kupunguza. Ndege ina Banda yake na Mukono yake, ila iko hewani.

Kupanda hadi futi 35,000 kunakula kama dakika 20, na barabara ya kurukia ya Entebbe imelala kaskazini–kusini wakati Nairobi iko mashariki, kwa hiyo lazima kwanza igeuke. Kushuka ndio kuna utamu, marubani wana hesabu yao: kila futi 1,000 za kushuka, anza maili 3 za baharini kabla. Uwanja wa Nairobi uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo zimebaki kama futi 30,000, ambazo ni maili 90, karibu kilomita 167, na hapo bado hujaweka nafasi ya kupunguza spidi ili kutua. Yaani ndege inaanza kushuka ikiwa bado mbali kabisa na Nairobi! Ukitoa kupanda na kushuka, kwa spidi ile ya 850 unabaki na kama dakika 10 hivi, inategemea uzito wa ndege na urefu waliopewa na waongoza ndege, safari zingine hazifiki hata hiyo 35,000.

Hewani basi ni dakika 50 na kitu. Zilizobaki zinaisha chini, maana muda wa tiketi unahesabiwa toka ndege inapoondoka maegesho hadi inaposimama maegesho ya upande wa pili, na kampuni zinaongeza dakika kidogo za akiba.

Tiketi ya Entebbe–Kigali nayo inachanganya watu kivingine. Ni kilomita 340 tu, halafu unaweza kuona unafika dakika chache baada ya kuondoka. Hiyo haihusiani na spidi, saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa lisaa limoja.