Beetle ya zamani: inua kiti cha nyuma kabla ya kuongea bei

Volkswagen Beetle hufunguka kirahisi: bodi imefungwa kwa bolti juu ya chasi, na injini inashikwa na bolti nne tu kwenye giaboksi. Ndiyo maana gari moja huweza kuwa limeungwa kutoka magari matatu, na karatasi zake bado zikaonekana safi.

Dhana: Namba ya chasi isiyo na tarakimu 17 ni ya kughushi.
Ukweli: Tarakimu 17 zilianza kuwa lazima Marekani kwa magari ya modeli ya 1981. Beetle ya miaka ya 1960 haina, kwa hiyo tovuti nyingi za kusoma namba za chasi zitaikataa. Kuanzia Agosti 1964 Volkswagen walikuwa na mpangilio wao: tarakimu mbili za kwanza ni aina ya gari (11 ni Beetle ya kawaida, 15 ni ya paa la turubai), ya tatu ni mwaka wa modeli, zinazobaki ni za mfululizo. Inayoanza na 117 ni modeli ya 1967. Tangu Agosti 1969, tarakimu ya nne ni 2. Ukiambiwa gari ni la 1969 na namba inaanza na 1192, hilo ni la 1979.

Dhana: Kibati cha namba kinatosha.
Ukweli: Kibati kilicho ndani ya buti (la Beetle liko mbele) hubanduliwa na kuhamishwa, na vipya vinauzwa. Namba ya kuaminiwa imegongwa kwenye tuta la chuma linalopita katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Kiti kinainuliwa kwa mkono. Futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usikubali mtu apitishe grainda, maana itaondoa ushahidi wenyewe. Tazama kwa tochi iliyolazwa ubavuni: tarakimu zenye kina kisicholingana, mikwaruzo ya tupa, au mstari wa kulehemu unaozunguka kipande chenye namba. Ukiona mstari huo, ondoka. Kisha weka karatasi juu, sugua kwa penseli, na linganisha na kadi ya usajili wa gari tarakimu kwa tarakimu.

Sakafu mpya pande mbili si kosa. Betri hukaa chini ya kiti hichohicho, upande wa kulia, na asidi yake hula bati; wengi wamebadilisha. Tuta ndilo halipaswi kuguswa.

Dhana: Mwaka kwenye kadi ndio mwaka wa gari.
Ukweli: Mara nyingine ni mwaka wa kusajiliwa tu. Isitoshe, mwaka wa modeli wa Volkswagen ulianza Agosti, hivyo gari lililotoka kiwandani Oktoba 1967 ni modeli ya 1968.

Dhana: Namba ya injini ikifanana na ya kadi, injini ni ya asili.
Ukweli: Kadi hurekebishwa injini inapobadilishwa. Namba ya injini na ya chasi ziko kwenye mifululizo tofauti, hivyo huwezi kukokotoa moja kutoka kwa nyingine. Anza na herufi iliyogongwa chini ya kishikio cha dinamo: D ni cc 1200, F ni cc 1300, H ni cc 1500. Kwenye Beetle, injini ya H ilianza modeli ya 1967. Ukiikuta kwenye chasi ya 115, imepandikizwa. Si dhambi, ila bei ishuke.

Dhana: Taa za mbele zinaonyesha umri wa bodi.
Ukweli: Madigadi yanafungwa kwa bolti, na taa huja nayo. Angalia mlango wa kujazia mafuta. Kabla ya Agosti 1967 ulilazimika kufungua buti. Baada ya hapo kikawekwa kifuniko nje, ubavu wa mbele kulia, kwenye bodi yenyewe. Bodi yenye kifuniko hicho juu ya chasi ya 116 ni ya gari jingine.

Dhana: Wasajili wa magari, NTSA (Kenya) au TRA (Tanzania), wakisema iko sawa, basi iko sawa.
Ukweli: Wanakueleza mmiliki na kilichoandikwa kwenye rejista. Hawajainua kiti. Kwa gari lililoundwa Ujerumani, jumba la makumbusho la AutoMuseum Volkswagen mjini Wolfsburg hutoa cheti kwa kutumia namba ya chasi, chenye tarehe ya kutengenezwa na rangi ya awali. Peleka namba uliyosugua kwa penseli, si ile ya kwenye kadi. Cheti kikisema bluu, kwangua kidogo nyuma ya dashibodi: bluu isipoonekana popote, hiyo si bodi iliyozaliwa na chasi hiyo.